Kelele za Goli Gizani

Kompyuta ya mpwa wangu ilikuwa na tabia moja: mtu akifunga goli, skrini inakuwa nyeusi. Unaweza kupigiana pasi dakika saba nzima, unaweza kupaisha penalti, mashine imetulia kama maji ya mtungini. Ngoja mpira uguse wavu na kamera iwasogelee wachezaji wanaokumbatiana: giza. Baada ya muda kidogo kompyuta inajiwasha upya yenyewe, kana kwamba si yenyewe iliyofanya. Mpwa wangu ana miaka kumi na minne, na alishaamua kwamba mchezo ule unaipendelea timu pinzani.

Mchezo ulikuwa mpya, kompyuta mtumba. Lilikuwa boksi la ofisini lililofika Tanga likiwa limechoka na kazi za watu wengine, muuzaji akatia ndani kadi ya michoro ili liuzike kwa vijana. (Boksi hilo sote tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kinachoenea kiganjani, nacho kimejificha chini ya feni.) Kwa wiki tatu tuliitibu. Jirani alisema ni virusi. Kijana wa duka la kutoa kopi alisema ipigwe windo upya, ikapigwa mara mbili. Shemeji alisema ongezeni ramu. Mimi nikajitia ujuzi: nikafuta draiva ya kadi na kuiweka tena, nikapuliza vumbi, nikahamisha plagi kwenye tundu jingine la ekstensheni, nikafungua dirisha hewa ipite, yote jioni moja. Usiku ule goli likafungwa na skrini isizime. Tulishangilia hadi wa nyumba ya pili wakauliza kuna nini. Kesho yake giza likarudi, nami sikujua kati ya mambo yale manne ni lipi lililotupa nafuu ya usiku mmoja, au kama kulikuwa na lolote.

Ndipo tukamwita fundi. Ni mtu mzima, alianzia kwenye redio za mbao na amplifaya za misikitini, na sasa ana kibanda Ngamiani ambamo huwezi kukaa bila kwanza kuondoa kitu kilichokaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Haya, inafanyaje?"

"Inazima," nikasema.

"Inazingua, babu," akasema mpwa wangu.

"Na sauti je?"

Hatukulielewa swali. Akalirudia: skrini ikishakuwa nyeusi, zile kelele za watazamaji zinakatika papo hapo, au zinaendelea? Kijana akafikiri. "Zinaendelea. Kama sekunde tatu, nne hivi. Wanashangilia tu."

Wiki tatu wale mashabiki walikuwa wakishangilia gizani, na sisi tunasema kompyuta imezima.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Maneno ya kuilalamikia mashine tunayo tele: inazingua, inagoma, inastaki, imekufa. Tunayatumia kama kikohozi, kuonyesha kwamba tunaumwa, bila kusema wapi. Kwa fundi kila namna ya kufa ni anwani. Mchezo ukijifunga peke yake na kukutupa nje, huku kompyuta ikiendelea na mambo yake, anaanza na mafaili ya mchezo na draiva. Picha ikiganda na sauti ikakwama kwenye silabi moja, hilo ni jingine. Vyote vikikatika kwa pamoja, taa, feni, sauti, kama luku imeisha, anautazama umeme na joto la prosesa. Giza lenye sauti, je? Hapo moyo unapiga, macho ndiyo yamepofuka. Prosesa inahesabu, spika zinapata umeme, ila kadi ya michoro haijibu. Windows huisubiri kadi sekunde 2. Ikiona kimya, hujaribu kuizindua. Isipozinduka, husimamisha kila kitu na kuacha msimbo 0x116 pamoja na skrini ya buluu, ambayo sisi hatukuwahi kuiona kwa sababu aliyetakiwa kuichora ndiye aliyezimia.

Msimbo ule hata mimi nilikuwa nimeukuta kwenye kumbukumbu za kompyuta. Nikasoma kwamba unahusu kadi, nikaihukumu draiva, nikaifuta. Kosa langu nililiona baadaye: msimbo humtaja aliyeanguka, na aliyemsukuma hamtaji.

Bibi yangu alikuwa mtu wa ngoma za pepo. Nikiwa mdogo nilishangaa kwa nini mganga hatoi dawa mapema watu wakalale. Wanapiga ngoma usiku kucha, wanabadilisha mpigo, wanajaribu wimbo huu na ule, mpaka pepo apande kichwani, aseme jina lake na anachotaka. Kabla ya hapo hakuna tiba, kuna kubahatisha tu. Fundi wetu ni mtu wa swala tano na angekasirika kusikia namlinganisha na mganga, lakini siku mbili zile nilizokaa naye nilimwona akifanya jambo hilohilo. Boksi hakulifungua. Alitoa daftari la shule, akachora mistari, akaweka programu inayoilazimisha kadi kuchora umbo moja zito bila kupumzika. Dakika ya nne, giza. Akaandika. Akawasha tena. Dakika ya tano, giza. Akaandika. Kisha akaubana mchezo usichore zaidi ya picha 30 kwa sekunde, akampa kijana acheze. Ikapita saa nzima, magoli kumi na moja (kijana alikuwa amechagua wapinzani wepesi), skrini haikutikisika. Akaondoa kile kizuizi. Goli la kwanza tu, giza.

Hapo hata mimi nikaelewa siri ya goli. Mpira ukiwa katikati ya uwanja kamera iko juu, mbali, wachezaji ni wadogo kama punje. Goli likiingia kamera inashuka karibu: unywele mmojammoja, jasho, mikunjo ya jezi, nyasi. Kadi inapewa kazi yake yote kwa mkupuo na kuvuta umeme wake wote. Timu pinzani haikuhusika.

Joto alilisoma: digrii 66, la kawaida kabisa. Ramu aliipima usiku kucha, ikatoka na makosa sifuri. Nilimwuliza kwa nini apoteze usiku kwa kitu asichokishuku. "Ili isije ikasingiziwa," akasema.

Watu wa kompyuta wanapenda kusimulia kisa cha nondo. Septemba 9, 1947, kwenye Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mashine iitwayo Mark II ilikosea hesabu, na waliokuwa zamu wakamkuta nondo amenasa ndani. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo bado limehifadhiwa Washington, na nondo wake. Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya kucheka, na husimuliwa vibaya, kana kwamba neno la Kiingereza la mdudu kwa maana ya hitilafu lilizaliwa siku ile, wakati mafundi walikuwa wakilitumia tangu enzi za Edison. Kinachonivutia mimi ni kingine. Daftari limeandikwa saa, 15:45, na mahali: relei namba 70, paneli F. Mashine ile ilijaza chumba na ilikuwa na maelfu ya relei, na mtu aliifuata hitilafu hadi kwenye relei moja. Kazi ile ya kufuata hakuna anayeisimulia.

Siku ya pili fundi alifungua boksi. Akaleta pawa saplai nyingine, akaiweka juu ya stuli pembeni, nyaya zikaingia ndani kama mirija ya mgonjwa. Ilikuwa ya kampuni tofauti kabisa, lakini mpangilio wa ATX ambao Intel iliutoa mwaka 1995 unafanya ya huyu imfae yule. Programu ya mateso ikaenda dakika arobaini bila tatizo. Mimi nikanyanyuka kutafuta pochi. Jibu si limepatikana? Pawa saplai ya zamani ni mbovu.

Akaing'oa ile nzima, akairudisha ile mbovu.

Nilidhani amechanganyikiwa. Sasa naona kwamba kama kuna kitendo kimoja katika kazi hii kinachostahili kusifiwa kuliko vyote, ni hicho cha kuurudisha ugonjwa kwa makusudi baada ya mgonjwa kupona. Dakika arobaini zile zilionyesha tu kwamba giza limekoma. Hazikuonyesha kilicholikomesha. Mtu aliyeingiza mikono ndani ya boksi amegusa mambo kumi bila kujua, na lolote kati ya hayo linaweza kujidai ndilo dawa. Jioni yangu ya mambo manne ilikuwa hivyo.

Na kweli, giza halikurudi. Dakika ya tano ikapita, ya kumi, ya ishirini. Pawa saplai ileile tuliyokwisha kuihukumu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mimi nilifadhaika. Fundi alimwita muuza kahawa, akanywa vikombe viwili na kipande cha kashata, macho kwenye skrini. Dakika ya ishirini na tatu, giza. Akaandika, akachomoa plagi ya kadi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, akaigusa kwa kidole na kukiondoa haraka.

Kadi ile inahitaji wati 120. Kwenye ubao mama inaweza kupata hadi 75, zilizobaki zije kwa waya wake. Pawa saplai za ofisini aghalabu hazina waya huo, kwa hiyo muuzaji alikuwa ameunganisha kiungio cha bei nafuu kutoka kwenye plagi ya diski, ambayo kwa upande wa volti 12 haikukusudiwa kubeba zaidi ya wati 54 hivi. Kwa wastani ilitosha. Lakini kadi haivuti kwa wastani, huvuta kwa mikupuo, na pini mojawapo ilikuwa imelegea. Fundi alinipigia hesabu nyuma ya daftari: ampea 5 zikipita penye ukinzani wa omu 0.1, pini inakula nusu volti na kutoa joto la wati 2.5, yote mahali padogo kuliko punje ya mchele. Volti 12 zinabaki 11.5, na kiwango kinasema zisishuke chini ya 11.4. Goli likiingia, zinashuka. Kila joto linavyoilegeza pini, ukinzani unaongezeka, na joto nalo linaongezeka. Tulipoichomoa na kuichomeka tukiwa tunabadilisha pawa saplai, ilikaa vizuri kwa dakika ishirini na tatu.

Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa. Harufu yake, nakumbuka, niliisikia wiki mbili kabla, nikafungua dirisha.

Kwa hiyo ile pawa saplai haikuwa mbovu, tungeitupa bure. Haikuwa pia na waya unaotakiwa, basi nikainunua ile ya kwenye stuli, ambayo inao. Kiungio kilichoungua fundi alikifunga uzi, akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni. Kibandani kwake kuna msumari wenye vitu vya namna hiyo, nimeviona.

Jioni kijana akakaa kucheza, kizuizi kimeondolewa. Dakika ya tisa akafunga. Kamera ikashuka, wachezaji wakarundikana, jasho, nyasi, uwanja mzima ukipiga kelele mbele ya macho yetu. Nikampa fundi mkono. Hakuupokea, alikuwa anaandika. Kalamu ikiwa bado juu ya mstari akamwambia mpwa wangu bila kunyanyua uso:

"Haya, funga jingine."