Msumari wa Inchi Sita

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, Daraja Mbili, alinijia na swali: "Mzee, bunduki ya kuanzia uwindaji, ile ya bei ya chini kabisa, ni shilingi ngapi?" Amekua akiwaona wageni wakipita Arusha kwenda mbugani na masanduku marefu ya silaha, na roho yake imetamani.

Nikamwambia bei ya dukani ni mwanzo tu. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka leseni, na maombi yanapita ngazi kadhaa kabla Polisi hawajaamua. Kuna risasi, kuna kabati la chuma la kufungia, kuna ada ya kuwinda kwenyewe. Alipoanza kunywea, nikamshika mkono hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikamnunulia msumari mmoja wa inchi sita. Akacheka. Mimi sikucheka.

Msumari kama huo niliuona ukizaliwa upya kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Mhadzabe mmoja, wa jamii ya wawindaji wa huko, aliuweka juu ya jiwe, akauponda taratibu bila moto, mpaka ukalala bapa ukawa ncha ya mshale yenye makali. Ncha zenye vigumba anazipata kwa mhunzi wa Kidatoga, anayepuliza moto kwa viriba vya ngozi ya mbuzi na kuyeyusha hata kufuli kuukuu kuwa bangili. Malipo huwa asali au nyama.

Lakini chuma ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kijiti kibichi humenywa gome, hupashwa motoni, kisha mtu hukiuma na kukinyoosha kwa meno, jicho moja limefumbwa, akikitazama kutoka shina hadi ncha. Hukiuma tena, hukitazama tena. Manyoya ya ndege hufungwa nyuma kwa kano za mnyama, ili mshale usiyumbe hewani. Upinde nao si wa mzaha: kuuvuta ni kama kunyanyua kilo 30 kwa vidole. Ndiyo maana mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mchanga, akaanza na ndege na panya. Bega lake na upinde wake hukua pamoja.

Nilichopenda zaidi ni kwamba kazi hiyo haina saa maalumu. Watu wanapiga soga, wanacheka, na mikono inanyoosha mishale. Wakicheza lukuchuko, kamari yao ya vipande vya magome, mishale hiyohiyo ndiyo inayowekwa dau. Anayeshindwa leo hakimbilii dukani. Kesho anakaa chini, anatengeneza mwingine.

Bunduki humpa mnunuzi shabaha iliyokwisha kutengenezwa na watu asiowajua. Mshale hauji na kitu. Kila unyofu ulio ndani yake umetoka kwenye meno, jicho na subira ya mwenyewe, na ukikosa swala hakuna kiwanda cha kulaumu.

Sikumpa kijana msumari ili akawinde; kwa hilo pia kuna sheria. Nilimpa ili ajue gharama inakaa wapi. Nawe msomaji unayetafuta chombo cha bei nafuu, cha kazi yoyote ile, hesabu kwanza miaka utakayokubali kujifunza. Fedha ihesabu mwisho.