Milimita 3 za kope

Upasuaji wa kope zilizopinda hauhitaji chumba kikubwa. Unahitaji kitanda, taa nzuri, sindano ya ganzi, kisu, kibanio, mkasi, uzi na mkono uliofundishwa. Vyote hivyo, isipokuwa kitanda na mkono, vinaingia kwenye sanduku moja na kupakiwa garini kwenda zahanati yoyote ya Kongwa, Chamwino au Mpwapwa, mkoani Dodoma. Mkono ndio unaochukua muda, na makala haya ni ya kuwasifu wanaoufundisha.

Uwanda huu wa kati ya Tanzania ni mkavu. Maji yako mbali, mifugo iko jirani na nyumba, na nzi hufuata uso wa mtoto wenye matongotongo. Hiyo ndiyo njia ya trakoma, ambayo wengi wanaiita vikope. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena, mwaka hadi mwaka, mpaka upande wa ndani wa kope unajaa makovu. Ukubwani makovu hayo huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na kila anapopepesa, nywele zinakwaruza kioo cha jicho. Wanawake, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo, hupofushwa hadi mara 4 zaidi ya wanaume. Tangu miaka ya 1980 Kongwa imekuwa darasa la dunia kuhusu ugonjwa huu. Utafiti wa vijiji vyake kuhusu kunawisha watoto nyuso, uliochapishwa mwaka 1995, unatajwa mpaka leo. Lakini kope iliyokwisha kupinda hainyooshwi kwa maji wala kwa dawa. Inataka kisu, na kwa kuwa madaktari bingwa wa macho ni wachache, kisu hicho wamekabidhiwa wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo.

Mtazame mkufunzi hodari anavyoanza. Hampi mwanafunzi kisu. Anampa tochi na miwani ya kukuzia, anamtaka ahesabu nywele zinazogusa jicho na aseme kama ziko katikati au pembeni. Kisha anamfundisha kusalimia. Bibi wa Kigogo aliyelala pale anasikia kila neno, maana ganzi ni ya kope tu. “Mbukwenyi” iliyotamkwa kwa heshima, na kila hatua kuelezwa kabla haijafika, humtuliza. Na jicho la mtu aliyetulia halikimbii kisu.

Mkato hupita milimita 3 juu ya ukingo wa kope, sambamba nao, karibu kutoka pembe hadi pembe. Ukiusogeza chini mno, unaumiza mizizi ya nywele na ukingo wenyewe. Ukiukatisha njiani, nywele za pembeni zinabaki zimeelekea ndani, na bibi atarudi na maumivu yale yale. Halafu zinakuja nyuzi. Zinapokazwa, ukingo wa kope hugeuka polepole ukatazama nje. Ukizilegeza, kope itarudi ndani. Ukikaza mmoja kuliko wenzake, ukingo unakunjamana kama pindo la kanga lililoshonwa kwa haraka. Mkufunzi humwachia mwanafunzi akaze mwenyewe, vidole vyake vikiwa karibu bila kugusa. Angeweza kumaliza kwa sekunde chache. Anangoja. Kungoja huko nakuona ni ufundi mkubwa kuliko kushona.

Zamani mkato wa kwanza wa mwanafunzi ulikuwa kwenye kope ya mtu. Siku hizi kuna sanamu ya kichwa iitwayo HEAD START, yenye kope za bandia zinazobadilishwa, ambayo imeshatumika kufundishia katika nchi kadhaa. Mwanafunzi anakata, anashona, anakosea, anawekewa kope mpya. Sanamu haiogopi wala haipepesi, kwa hiyo haiwezi kumfundisha yote, ila inachukua makosa ambayo hakuna bibi anayestahili kuyabeba.

Ugumu mkubwa uko baada ya mafunzo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kope zikipinda tena kwa mtu 1 kati ya 10 mahali fulani, na kwa zaidi ya nusu mahali pengine. Mengi hutegemea nani alishika kisu. Lakini kambi ya upasuaji ikishahama, aliyeshona haoni kazi yake ilivyokaa. Nyuzi hutolewa na mwingine, na mkono wenye kasoro unaendelea kujiamini. Na jambo jema limeleta ugumu wake: kadiri dawa zinavyopunguza trakoma, wagonjwa wa kujifunzia wanapungua, na aliyefuzu hukaa muda mrefu bila kushika kisu.

Dodoma ina kila sababu ya kuongoza hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vyote vilianza mwaka 2007, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilizinduliwa mwaka 2015, na Hospitali ya Mvumi imetibu macho ya watu wa uwanda huu kwa miongo mingi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuelekeza kwamba aliyepasuliwa kope aonwe tena kati ya miezi 3 na 6 baada ya upasuaji. Naomba wenye vyuo na wenye bajeti waongeze jambo moja: nauli ya mwanafunzi kurudi kijijini wakati huo, akutane na wagonjwa wake mwenyewe, awaangalie kope kwa tochi na miwani ile ile, mkufunzi akiwa pembeni. Cheti kitolewe baada ya hapo.