Mabepari wa Venisi: Kabaila Yuko Wapi?

Tunapofundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, wanafunzi wetu hapa Busanza humkimbilia Shylock na riba yake. Jina la kitabu ndilo linalowasukuma. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekataa ubepari na ukabaila kwa pamoja. Jina hili limechukua mmoja tu. Lakini chanzo cha deni la dukati 3,000 ni Bassanio, mwungwana aliyemaliza mali yake kwa anasa, na sasa anataka kumwoa mrithi tajiri. Huyo ni kabaila hasa. Na tukumbuke kwamba makabaila wa Venisi yenyewe walifanya biashara, wakati Ufaransa mwungwana aliyefungua duka aliweza kupoteza cheo. Kwa hiyo Bassanio, kwa maoni yangu, ni Mwingereza aliyevishwa joho la Venisi.

Hapa Rwanda ubuhake, uliofutwa na Mwami Mutara III Rudahigwa mwaka 1954, ulimfanya mkubwa kuwa mtoaji wa ng'ombe, naye mgaragu akamtumikia. Mkubwa anayekopa kwa dhamana ya nyama ya rafiki yake huwashangaza wanafunzi, na mjadala huchangamka. Lugha ya tafsiri ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila maswali yetu ya mtihani yamwache Shylock kidogo, yamwulize Bassanio.