Sifa ya Kazi Isiyoonekana

Watu wakiizunguka pikipiki kuukuu ya mbio iliyorudishwa katika hali ya kiwandani, macho yao hutua kwenye rangi. Husifu mng'ao wa makava, stika zilizokaa sawia, rimu zisizo na mkwaruzo. Sifa hizo ni za kweli, ila zimekwenda kusiko. Rangi mara nyingi hupigwa na fundi wa rangi kwa malipo, na ikiharibika hupigwa msasa ikarudiwa bila mtu kudhurika. Kinachoamua kama pikipiki hiyo imefufuliwa au imevishwa tu kimefunikwa na makava yenyewe: njia nyembamba za oili, sili za breki, nyuzi za bolti ndani ya alumini, waya zilizokatwa na kuungwa na mtu asiyejulikana miaka mingi iliyopita. Nashikilia kwamba ufundi huu hupimwa mahali pasipoonekana, na kwamba kwa sababu hiyohiyo nyumba ya mwenye pikipiki, pamoja na ufinyu wake wote, ndiyo karakana inayoufaa zaidi.

Mashine inayolidhihirisha jambo hili vizuri ni Suzuki GSX-R750 ya 1985. Wahandisi walioongozwa na Etsuo Yokouchi walitaka kuuza kwa mtu wa kawaida kitu kilicho karibu kabisa na pikipiki ya mashindano ya saa 24, na mwaka huohuo ikashinda mbio za Le Mans. Fremu yake ilikuwa ya alumini wakati pikipiki nyingi za barabarani zilikuwa bado za chuma. Bila mafuta wala oili haikufika kilo 180, nayo ilibeba injini ya silinda nne, cc 749, yenye nguvu za farasi zipatazo 100. Wepesi huo haukuletwa na fremu peke yake. Kupoza injini kwa maji kungedai rejeta, pampu, mabomba na maji yenyewe, na vyote hivyo ni uzito. Ikaamuliwa kwamba oili ifanye kazi mbili. Pampu ya oili ina vyumba viwili. Kimoja husukuma oili kwa shinikizo hadi kwenye beringi, kingine hupeleka oili nyingi juu ya silinda hedi ikachukue joto palipo na moto mkali, na chini ya pistoni kuna vijitundu vinavyoirusha oili hadi kwenye matumbo yake. Anayelijua hilo ataiogopa gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi. Inayominyika nje huonekana ikafutwa. Inayominyika ndani hukauka, hukatika, husafiri pamoja na oili mpaka ikutane na tundu dogo kuliko yenyewe, na hapo pistoni moja hukosa kupozwa. Injini itawaka, italia vizuri, wageni watapiga picha, na uharibifu utakuwa umeshaanza. Kukwangua gasketi ya zamani polepole ili alumini isichubuke, kupuliza kila njia kwa hewa, kuangalia kwa macho kwamba kila tundu linapitisha: kazi hii haiongezi chembe ya uzuri kwenye pikipiki iliyoegeshwa, lakini ndiyo inayoiweka hai.

Kwenye kabureta mambo ni hayohayo. Fundi wa bodaboda wa Dar es Salaam au Kisumu anayefungua kabureta ya pikipiki ya Boxer kando ya barabara anaufahamu msingi wake: petroli iliyolala muda mrefu huacha utando kama gundi, na jeti ya sailensa, yaani ya injini inapozunguka polepole bila kuvutwa mafuta, iliyo nyembamba kuliko zote, ndiyo huziba kwanza. Suzuki hii ina kabureta nne, Mikuni za milimita 29 zenye vilango bapa, na ugumu hauko katika kuzisafisha bali katika kuzipatanisha. Moja ikifunguka kabla ya nyingine, injini hutetemeka pikipiki ikiwa imesimama, kisha husitasita mkono unapoanza kuvuta mafuta. Basi boya la kila kabureta hupimwa urefu wake; halafu injini ikishapata joto, mvuto wa hewa wa kila silinda husomwa kwenye geji, skurubu hugeuzwa kidogo mno, husomwa tena. Hata kufungua kwenyewe kunataka adabu. Skurubu za msalaba za Kijapani, zilizotengenezwa kwa kipimo cha JIS, zinafanana na za kwingineko bila kuwa sawa nazo, na bisibisi isiyo yake hula kichwa. Ukitaka kujua aliyekutangulia alikuwa mtu wa namna gani, tazama vichwa vya skurubu zake. Kisha kuna mipira inayounganisha kabureta na injini: ikikakamaa na kupasuka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma, petroli inakuwa haba, na joto ndani ya silinda hupanda. Siku hizi ethanoli imeongeza mtihani. Uingereza, ambako pikipiki za zama hizo zina wapenzi wengi, ilifanya E10, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli, kuwa petroli ya kawaida mnamo Septemba 2021, nayo ethanoli huvuta maji na kudhoofisha mipira ya zamani. Mfufuaji makini hubadilisha vipande hivyo hata vikiwa na sura nzima, na pesa ambazo zingenunua rimu mpya huishia kwenye mipira myeusi ambayo hakuna atakayeiulizia.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya kuifanya kazi hii nyumbani linahusu breki. Mtu asiyesomea ufundi ana haki gani ya kuzigusa breki za chombo kinachoweza kupita kilomita 200 kwa saa? Swali hili halipuuzwi, wala halijibiwi kwa ujasiri. GSX-R hiyo ina pistoni kumi za breki, nne katika kila kalipa ya mbele na mbili nyuma, na kila pistoni ina sili zake. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishalowa, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Unyevu huohuo hula alumini, na kutu nyeupe hujikusanya ndani ya mfereji ambamo sili hukaa. Atakayeweka sili mpya juu ya kutu hiyo atapata breki inayobana pistoni isirudi, hata kama kalipa kwa nje ni mpya kama ya dukani. Dawa yake ni kukwangua kila mfereji mpaka alumini safi ijitokeze, bila kuukwaruza, kwa kifaa kidogo na mwanga mkali. Kazi hii haihitaji cheti, inahitaji subira na kitabu cha mtengenezaji. Ila nakubaliana na wapinzani kwa jambo moja, tena kwa moyo wote: breki iliyofunguliwa nyumbani ikaguliwe na fundi mwenye ujuzi kabla pikipiki haijatoka barabarani. Asiyetaka kukaguliwa asifungue.

Wengine huuliza kwa nini pesa za ufufuaji zisinunue pikipiki mpya, au kwa nini kazi yote isipelekwe gereji. Kuhusu pikipiki mpya sina ubishi: mara nyingi ina ABS, haina kabureta za kupatanisha, na kwa anayetaka kufika kazini salama ndiyo chaguo la busara. Anayefufua ya 1985 hashindani nayo. Anahifadhi uamuzi wa kihandisi ambao hata Suzuki wenyewe waliuacha, maana kufikia 1992 GSX-R750 ilikuwa imeshahamia kwenye maji. Swali la gereji ndilo linalogusa kiini cha hoja yangu. Gereji hulipisha kwa saa. Mteja huiona rangi, haoni mfereji wa sili uliokwanguliwa jioni nzima, na akiletewa bili ya jioni hiyo atanung'unika. Fundi mwaminifu hujikuta akishindanishwa na asiyekwangua. Si kosa lake, ni hesabu ya biashara. Nyumbani hesabu hiyo haipo, na ndiyo maana uangalifu usioonekana hupata nafasi. Kuchonga silinda upya, kuchomelea alumini, kunyoosha fremu, hayo ni ya wenye mitambo, na kujidai nayo nyumbani ni upumbavu. Vipuri navyo havitengenezwi jikoni. Suzuki ina mpango wa kuuza vipuri vya pikipiki zake za zamani, ingawa si kila kitu kinapatikana.

Linabaki suala la kuboresha. Mwaka 1986 Suzuki walirefusha mkono unaoshika gurudumu la nyuma kwa milimita 25 ili pikipiki itulie kwenye mwendo mkali. Je, anayefufua ya 1985 aufunge mkono huo mrefu? Kwa anayekimbia uwanjani, ndiyo. Kwa wengine naona mfupi ubaki, kwa sababu wepesi wa pikipiki hii ulikuja na gharama zake, na anayezifuta gharama hizo anafuta nusu ya ushahidi. Lakini lolote analochagua aliandike. Udhaifu wa kazi isiyoonekana ni kwamba mmiliki atakayefuata hana njia ya kuijua mara makava yakishafungwa, na aliyepaka rangi tu atadai bei ileile. Daftari lenye picha za kila hatua, vipimo vya mianya ya vali, namba za vipuri na tarehe ndilo jibu pekee. Yaandikwe pia yasiyofanyika: beringi ya usukani iliyoachwa kwa sababu bado ilikuwa nzima, waya wa taa ya nyuma uliobaki na kiungo cha zamani, bolti ya injini ambayo uzi wake ulirekebishwa na haifai kukazwa kupita kiasi.