Ngurumo Chini ya Besi

Wenye gramafoni za zamani Kinondoni na Temeke huogopa joto la mota kuliko mtetemo wake. Naona wanaogopa sicho. Santuri hailegei mpaka joto likaribie nyuzi 60, na kati yake na mota kuna sahani nzito ya chuma. Zilizopinda, aghalabu zimepindishwa na jua la dirishani au stoo ya bati. (Gramafoni za sanduku zenye valvu ni kesi nyingine; humo joto halina pa kutokea.)

Joto la mota hudhuru, ila si moja kwa moja: hukausha oili ya bushi, bushi kavu hukwaruza ekseli, mota ikaanza kunguruma. Mota ya ncha nne, kwa umeme wetu wa mizunguko 50, huzunguka karibu mara 25 kwa sekunde. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41. Kwa hiyo ngurumo hukaa chini ya besi na kuitia tope, na sindano, iliyomo kwenye mfereji usiofikia sehemu ya kumi ya milimita kwa upana, haijui kutenganisha mota na Morogoro Jazz.

Ndiyo maana sichoki kumtazama fundi mmoja wa Temeke. Kabla ya kufungua chochote huegemeza bisibisi kwenye mota na kuweka mpini sikioni. Husikiliza muda mrefu kuliko mteja anavyopenda. Kisha huosha grisi iliyoganda, hukagua springi zinazoning'iniza mota isiguse fremu, ndipo achukue mafuta ya cherehani.

“Si unijazie tu, fundi?”

“Tone moja, mama. Likizidi litafika kwenye gurudumu la mpira, liteleze.”

Gurudumu lenyewe hulipitishia msasa laini, taratibu, kwa sababu kibonyeo kidogo tu husikika kila linapozunguka. Mwisho huweka juu ya sahani karatasi yenye mistari 180 chini ya taa ya tyubu, inayometa mara 100 kwa sekunde. Mistari ikisimama tuli, kasi ni 33 na theluthi.

Gramafoni ya Kimarekani fundi haimalizi pale kibandani pake. Imeundwa kwa mizunguko 60; hapa santuri ileile huzunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na mwimbaji anakuwa mgonjwa. Transfoma haisaidii, maana hushusha volti tu. Inatakiwa puli nene zaidi kwa moja ya tano, na hiyo huipeleka mwenyewe kwa mkereza vyuma, akasimama pale hadi ikerezwe.