Kuisoma Mizania Upande wa Madeni

Kazi ya msomi wa usimamizi wa fedha haina makofi. Anashinda na mizania za benki, akiuliza jambo ambalo benki yenyewe haina sababu ya kujiuliza. Hyun Song Shin, mwanauchumi wa Korea Kusini aliyefundisha Oxford, London na Princeton kabla ya kuhamia Basel mwaka 2014, ameishi na swali moja: inakuwaje kila mtu anapojilinda kwa namna ileile, saa ileile?

Yeye na Jon Danielsson walilieleza kwa daraja. Juni 2000, Daraja la Milenia la waenda kwa miguu lilifunguliwa juu ya mto Thames, na siku hiyohiyo likayumba. Lilipotikisika kidogo kwenda pembeni, kila mpitaji alitanua miguu asije akaanguka. Kwa kuwa wote waliitikia mtikisiko mmoja, hatua zao zikalingana, na mtikisiko ukazidi. Hakuna aliyekosea, lakini daraja lilifungwa baada ya siku mbili. Sokoni ni vivyo hivyo: bei ikishuka, kila benki inauza ili ijinusuru, na kuuza kwa wote kunaididimiza bei. Hatari inazaliwa humohumo ndani. Mwaka 2001 Shin na wenzake waliandika kwamba kanuni mpya za Basel za mtaji wa benki, zilizokuwa bado zikiandaliwa, zililisahau jambo hilo na zingeweza kuikuza misukosuko badala ya kuituliza. Kanuni zikapita.

Ninachokipenda kuliko vyote ni uchambuzi wake wa Northern Rock, benki ya Newcastle. Septemba 2007 dunia iliona picha za wateja wamepanga foleni nje ya matawi yake, ikaamini kwamba hao ndio walioiangusha. Shin akafungua mizania. Amana za wateja wa kawaida zilikuwa asilimia 23 tu ya madeni ya benki. Sehemu kubwa ya fedha nyingine ilikopwa sokoni, na wakopeshaji wa huko walikuwa wameanza kufunga mkono tangu Agosti. Wenye vitabu vya akiba walifika mwisho kabisa. Tena, kwa vipimo vya wasimamizi, benki ile ilikuwa na mtaji wa kutosha! Kila mkopeshaji aliyepunguza fedha zake alifanya jambo la busara kwa upande wake, na busara hizo zikijumlishwa ndizo zilizoinyonga benki. Kuliona hilo wakati macho yote yako kwenye foleni kunahitaji subira ambayo naiheshimu sana.

Subira hiyo ilipata kazi nyumbani kwao. Mwaka 2010 Shin alikuwa mshauri wa Rais wa Korea Kusini, nchi ambayo miaka miwili nyuma benki zake zilibanwa na mikopo ya dola ya muda mfupi. Alitetea tozo kwenye madeni ya benki yasiyo amana za wateja, na Agosti 2011 Korea ikaanza kuitoza kwa madeni ya fedha za kigeni: asilimia 0.2 kwa mkopo wa muda usiozidi mwaka, ikipungua hadi 0.02 kwa mkopo wa zaidi ya miaka 5. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, ila kiliwekwa panapostahili, maana dola za muda mfupi ndizo huwa za kwanza kukimbia.