Cisco, Mji Ulioonekana Bila Kusomwa

Thelma & Louise nimeitazama mara tatu, na mara zote nilipita Cisco bila kujua kwamba nimepita mahali penye jina. Ni pale Louise anapovua vito vyake na kumwachia mzee mmoja, naye anaondoka na kofia ya yule mzee. Nyuma yao kuna vibanda, vumbi, na basi. Nilidhani ni mapambo tu ya sinema.

Kumbe ni mji. Upo jangwani, mashariki mwa jimbo la Utah, Marekani. Ulizaliwa miaka ya 1880 kwa sababu rahisi: injini za mvuke zinakunywa maji. Reli ya Denver & Rio Grande Western ilihitaji pa kuzijaza, na palipo na kituo watu hufuata, wakiwemo wafugaji wa kondoo na wenye maduka. Zikaja injini za dizeli, maji yakakosa kazi. Mji ukaegemea barabara kuu, ukawauzia petroli wapita njia. Kisha barabara mpya, Interstate 70, ikaupita pembeni. Haukufa kwa laana wala kwa ukame. Uliuawa na maamuzi mawili yaliyofanyika mbali.

Sasa turudi kwenye sanaa. Vanishing Point, ya mwaka 1971, inamalizikia hapo hapo: matingatinga yameziba njia, na Kowalski anakuja mbio na gari lake jeupe. Picha ni kali, sibishi. Lakini filamu inatuambia tuko California! Yaani mji umekopwa sura, ukanyimwa hata anwani yake. Ridley Scott, miaka 20 baadaye, naye anachukua ule ukiwa na kuwapa mashujaa wake wautumie.

Aliyekaribia ukweli ni Johnny Cash. Kwenye albamu yake ya 1968, From Sea to Shining Sea, kuna wimbo kuhusu Cisco Clifton, mwenye kituo kidogo cha mafuta anayepoteza wateja barabara mpya inapofunguliwa. Humo Cisco ni jina la mtu, ingawa wengi huuhusisha wimbo huo na mji huu. Si wimbo wake mkubwa. Ila una kitu ambacho filamu zote mbili hazina: unataja chanzo. Kwake upweke una sababu, na kuna mtu anayeulipia.

Na bado kuna hadithi waliyoiacha wote. Mwaka 1952 Charles Steen, mtafuta madini fukara aliyekuwa akiishi hapo na familia yake kwenye kibanda, alipeleka jiwe lake kwenye kituo cha mafuta likapimwe. Kipimo kikapanda hadi mwisho. Ilikuwa urani, nayo ikamfanya milionea. Niambie, hiyo si riwaya nzima?

Kiswahili tuna neno mahame, makazi ambayo watu wamehama. Nalipenda, kwa sababu ndani yake mna watu na safari yao. Waandishi wetu wanaopenda magofu wangeanzia hapo: nani alihama, na nani alimhamisha? Tena Cisco haijaisha. Miaka ya karibuni msanii mmoja alihamia huko, akaanza kukarabati vibanda kwa mikono yake. Treni nazo bado zinapita. Hazisimami tu.